Betri Juu ya Ungo wa Ulezi

Mama alizikuta betri zangu kwenye ungo wa ulezi.

Ilikuwa asubuhi, mwezi wa Juni, wakati ambao Sumbawanga jua linawaka lakini mtu haoni sababu ya kuvua sweta. Ulezi ulikuwa umevunwa, na kila uwanja mtaani kwetu Malangali ulikuwa na mikeka na nyungo zilizoanikwa. Nilikuwa nimezisukuma betri nne pembeni kabisa ya ungo, nikazifunika na punje kidogo. Betri iliyochoka ukiianika juani hurudisha nguvu, kila mtu anajua. Baba mwenyewe huanika za redio yake. Nilichosahau ni kwamba za baba ni nene kama gunzi la hindi. Zangu zilikuwa nyembamba.

"Coleta! Njoo hapa."

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hizi za nini?"

"Betri, mama."

"Kwamba ni betri naona, macho ninayo. Nauliza za nini. Redio ya baba yako inakula kubwa. Tochi inakula kubwa. Humu ndani nani anakula hivi vidogo?"

Mimi si mwepesi wa kudanganya. Nilinyamaza, na kwa mama yangu kunyamaza ni kujibu. Aliingia chumbani kwangu, akainua mto, akatoka ameibeba mashine yangu ndogo ya gemu, ya kijivu, kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya.

"Nani amekupa?"

"Huseni."

"Huseni yupi?"

"Wa dukani. Wa Mzee Abuu."

Mama akakaa kwenye kigoda bila kuangalia kama kipo. "Mungu wangu," akasema taratibu. "Binti wa katekista."

Hakuniuliza kingine siku ile. Hakunisemesha kabisa.

*

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuo cha ualimu, nasubiri kupangiwa shule. Kusubiri huko ndiko kulikonipeleka dukani kwa Mzee Abuu, kumnunulia baba betri. Miaka ile maduka yalikuwa yamefunguka, yakajaa vitu ambavyo utotoni mwetu tulivisikia tu. Nyuma ya duka lile, nyuma ya pazia la kijani, Huseni alikuwa amefungua chumba cha gemu. Vijana walikuja jioni kucheza mpira na ngumi kwenye televisheni, wakipiga kelele hadi stendi. Asubuhi chumba kilikuwa kitupu, na Huseni alicheza gemu lake mwenyewe.

Pazia lilikuwa wazi siku ile. Niliona kwenye kioo cha televisheni vijana watatu wadogo na msichana mmoja wamesimama mstari mmoja, wanatazamana na joka. Walihema tu.

"Mbona hawapigani?" niliuliza, mimi ambaye huwa siwasemeshi wanaume nisiowajua.

"Wananingoja mimi," akajibu bila kugeuka. "Mpaka niamue. Hata joka linangoja."

"Joka nalo linangoja?"

"Linangoja. Ni joka lenye adabu." Ndipo akageuka, na kicheko kikamwishia mdomoni. "Samahani, dada. Nilidhani ni mdogo wangu Kulsumu. Karibu. Nikupe nini?"

Nilisahau nilichofuata. Alinitazama, nami nikatazama joka.

Tangu siku hiyo nilikuwa nikipita. Gemu lilitoka Japani na maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani. Hakuna mtu Sumbawanga nzima aliyeyajua. Tulijifunza kwa kukosea: neno la tatu kutoka juu ni dawa, la mwisho ni kukimbia, na yule mzee wa kila kijiji ukimkuta kwenye kiti ndiye anayehifadhi safari yako ili kesho uendelee ulipoishia. Msichana wa kwenye mstari ndiye aliyetibu wenzake. Tulimwita Nesi. Vijana wa jioni hawakulipenda gemu lile. Eustace, rafiki yake Huseni, alichungulia siku moja akatikisa kichwa.

"Dada mwalimu, hao wanapigana au wamepanga foleni ya zahanati?"

"Wewe nenda kwenye ngumi zako," Huseni akamwambia.

"Naenda, mshikaji. Mimi nikipigwa narudisha hapohapo. Siwezi kusubiri zamu."

Mimi ndiyo niliyoipenda, ile zamu. Maisha yangu yote watu wamesema kabla sijamaliza kufikiri. Pale kwenye kioo hakuna aliyenikimbiza.

Tulikuwa na ubishi mmoja tu na Huseni. Alikuwa pia na mashine ndogo ya mkononi, ukubwa wa kitabu cha sala, na ndani yake kaseti ya gemu la safari kama lile, la Kijapani vilevile. Yeye aliipenda hiyo.

"Gemu ni hili la kwenye televisheni," nilimwambia. "Milima unaiona. Muziki unaingia mpaka kifuani. Na tunakaa wawili."

"Umeme ukikatika je?"

"Tunasubiri."

"Watu wakipita wakatuona?"

"Watuone."

"Mimi hii," akasema, akiipapasa ile ndogo. "Haina waya. Haiombi ruhusa kwa mtu. Unaitia mfukoni, unaenda nayo Kate kijijini, unaenda nayo Kasanga ziwani, safari haikatiki."

"Watu wenyewe wadogo kama punje za ulezi. Na haina taa, mpaka ugeukie dirisha ndipo uone."

"Ndiyo raha yake, mwalimu. Anaona aliyeishika tu."

Nilicheka. Sikujua kwamba pale tulikuwa tumeshaanza kugombana.

Watu walipoanza kusema kuhusu binti wa katekista na chumba cha gemu, Huseni alinitilia ile mashine kwenye kikapu, chini ya sabuni. "Chukua. Ukiwa nayo ni kama nipo." Mashine ile ilihifadhi safari moja tu, lakini popote ulipotaka. Basi safari ikawa yetu wawili. Niliishika siku kadhaa, nikaipeleka dukani imefungwa kwenye kitenge. Naye akaishika siku kadhaa, akanirudishia. Pale nilipomwacha shujaa wetu ndipo yeye alipomkuta, na hapo ndipo palipokuwa na maneno yetu. Kisimani: nimekukumbuka. Mlangoni mwa nyumba ya wageni: nyumbani kuna maneno. Bandarini: nahitaji kukuona. Niliwahi kuiwasha nikamkuta kisimani, nikaibana kifuani chini ya blanketi mpaka betri zikafa.

Ndiyo maana nilikuwa nazianika.

*

Baba alirudi jioni kutoka kigangoni, akala, akanawa. Mama akamwekea mashine mezani, akaeleza kwa maneno machache mno. Niliwekwa kwenye kigoda mbele yao.

Baba yangu, Kasimiri, ni mtu anayesema polepole hata akiwa na hasira. Aliigeuza mashine mikononi.

"Inafanya nini?"

"Ni mchezo, baba. Watu wanasafiri."

"Wanasafiri kwenda wapi?"

"Hatujafika bado."

Akaiweka chini. "Wewe na huyo kijana."

"Ndiyo, baba."

"Unampenda?"

Mama akaguna. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu. "Ndiyo, baba."

Nilisubiri dhoruba. Dhoruba ningeiweza, nilikuwa nimejiandaa kulia.

"Sitasema nimefurahi," baba akasema. "Sijafurahi. Nafundisha watoto wa wenzangu komunyo ya kwanza, wa kwangu ananishinda. Lakini sikukusomesha uje ufichwe chini ya mto, Coleta. Huyo kijana kama ana nia, amtume mtu mzima aje abishe hodi hapo mlangoni. Nitampa kiti. Tutazungumza dini, tutazungumza kila kitu, mchana, watu wakiona. Akishindwa kubisha hodi, basi jina lake lisitajwe tena humu ndani."

"Baba Coleta!" mama akashtuka.

"Nimemaliza, Mama Coleta. Na hicho kitu akakirudishe."

Sikulala usiku ule kwa furaha. Nani angefikiri? Baba yangu, kiti chake, mlango wake. Niliziweka betri zangu zilizoota jua, nikaiwasha mashine, nikamtembeza shujaa wetu kijiji kizima mpaka mahali ambapo hatukuwahi kumwacha. Nikahifadhi safari. Nikazima.

*

Jumamosi asubuhi upepo wa milima ya Mbizi ulikuwa unakata masikio. Duka lilikuwa wazi nusu. Nilimkuta Huseni chumba cha nyuma, amepiga magoti kwenye maboksi, anakunja waya. Televisheni bado ilikuwa mahali pake, lakini boksi lake lilikuwa wazi chini, linaisubiri.

Aliniona, akasimama haraka. Alikuwa hajanyoa. Macho yake yalinitazama kama yanaomba kitu, kisha yakakimbilia pazia.

"Mwalimu. Mambo?"

"Poa. Unahama?"

"Hukusikia?"

"Nimesikia nini?"

"Kaa kwanza."

"Niambie nimesimama."

"Naondoka kesho. Kasanga. Baba mdogo ana mizigo ya Zambia na Kongo, anataka mtu wa kusimamia maboti yake. Baba amekubali."

"Na wewe umekubali?"

Akakunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa. "Kuna jambo lingine."

Mwanamke hujua. Nilijua kabla hajafungua mdomo. "Nani?"

"Husna. Binti wa baba mdogo." Akautupa waya boksini. "Mimi sikuzungumza, Coleta. Yalizungumzwa. Nimeambiwa juzi tu, kwenye chakula, kama unavyoambiwa sukari imekwisha."

Nilikaa kwenye benchi letu. Lilikuwa bado na alama ya kisu ambayo Eustace aliichora akiwa amefungwa mabao.

"Baba yako anajua kwamba nipo?"

"Upo wapi?"

"Duniani, Huseni. Anajua kama nipo duniani?"

Akalisogeza boksi kwa mguu.

Nilifungua kitenge, nikampa mashine. "Iwashe."

"Sasa hivi?"

"Iwashe."

Aliiwasha, akageukia dirishani kupata mwanga, akainamisha kichwa kama anavyofanya siku zote. Niliutazama ubavu wa uso wake, sikio lake, ule mshono mdogo chini ya kidevu, nikajisemea moyoni nisisahau.

"Umemwacha mbele ya mlango wa mzee wa kijiji," akasema. "Hapa hatujawahi."

"Ndiyo."

"Maana yake nini?"

"Maana yake bisha hodi." Nikamweleza yote: ungo, mama, mto, baba na kiti chake. Nilisema kwa pupa, mimi nisiyesema kwa pupa. "Mtume mtu mzima tu. Hata mmoja. Baba atasikiliza."

Huseni alikaa chini, palepale kwenye maboksi. "Katekista alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

"Kwamba atanipa kiti?"

"Atampa mshenga wako kiti. Wewe utasimama nje unatetemeka kama wenzako wote."

Alicheka, na kicheko kikageuka kitu kingine, akajifuta macho kwa mkono wa shati. Kwa muda mfupi, nikimtazama vile, nilikuwa mwanamke mwenye bahati kuliko wote Ufipa.

"Baba yuko Mbeya," akasema. "Mpaka Jumatatu. Mimi naondoka kesho."

"Ahirisha."

"Lori limeshapakiwa."

"Basi mtume mtu bila yeye. Amwambie baba yangu tu kwamba una nia, asubiri."

"Nimtume nani? Kila mtu mzima ninayemjua ni mtu wa baba. Wanakula kwake, wanaswali pamoja naye. Nikimwambia mmoja, baba atajua kabla hajavuka barabara."

"Si ndiyo ninachotaka? Ajue."

Akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mikono yake ilikuwa baridi. "Sikiliza. Limbu, dereva wa lori letu, anashuka Kasanga na kupanda kila wiki. Hasemi na mtu. Nitampa mashine, atakuletea. Wewe utacheza, utamrudishia. Tutaendelea kama tulivyokuwa. Nitakuwa Kasanga lakini nitakuwa mkononi mwako, Coleta. Hakuna atakayeona."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nipate namna."

"Na Husna atakuwa wapi wakati wewe uko mkononi mwangu?"

Akauachia mkono wangu.

"Sitaki, Huseni. Niligeukia dirisha miezi yote hii ili nikuone. Nimechoka. Nataka nikuone na mlango ukiwa wazi."

"Unaniona mwoga."

"Nakuona unanipenda. Hilo naliona. Ndilo linaloniuma."

Nje mtu alikuwa anaita abiria wa Mpanda. Kisha Huseni akainuka, akazichomeka tena zile nyaya, moja baada ya moja, akawasha televisheni.

"Tumalize hili kwanza," akasema. "Kwenye kadi ya kuhifadhia lipo tulipoliacha. Ngome ya mwisho. Nilikuahidi tutaimaliza wote."

Ningepaswa kuondoka. Nikasogea kumpisha kwenye benchi.

Muziki ule ukajaa chumba. Wakatokea watu wetu kwenye mstari, wamechoka, wamechanika nguo, na Nesi nyuma yao. Mbele yao kitu kikubwa chenye mabawa, kinahema. Tulipokezana kama zamani. Yeye zamu yake, mimi yangu. Vijana wawili walianguka. Nesi akamwinua mmoja. Bega la Huseni liligusa langu, na hakuna kati yetu aliyelisogeza.

"Nikiitisha dawa sasa hivi?" niliuliza.

"Itisha. Neno la tatu."

"Najua ni la tatu."

"Najua kwamba unajua," akasema kwa upole. Halafu, bila kuacha kutazama kioo: "Baba akirudi nitamwambia. Nakuapia. Nitarudi kutoka Kasanga nimwambie usoni. Akisimama mbele yangu tu, nitasema."

Nilimwamini. Mpaka leo sioni aibu kwamba nilimwamini.

Gari likasimama nje. Mlango wake ukabamizwa, sauti ikasalimiana na mtu barazani, na viatu vikaingia dukani.

"Huseni! Uko nyuma?"

Alikuwa Mzee Abuu. Mizigo yake Mbeya ilikuwa imekamilika mapema.

Mashine ya mkononi ilikuwa kwenye benchi, katikati yetu. Niliuona mkono wa Huseni ukiichukua. Uliichukua haraka kuliko nilivyowahi kuuona ukifanya chochote, ikatokomea mfukoni, kama ilivyotengenezwa itokomee. Alisimama. Akajitenga nami hatua moja, halafu nyingine. Pazia likafunguka.

Mzee Abuu alikuwa mtu mfupi mwenye ndevu nyeupe na macho ya upole, siyo yule niliyekuwa namwogopa kwenye mawazo yangu.

"Shikamoo, mzee," nikasema, nikapiga goti kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Akanitazama, akamtazama mwanawe, akatazama televisheni. "Huyu ni nani, Huseni?"

Hakuna aliyemkimbiza. Mzee alisimama pale, kofia mkononi, anangoja. Hata upepo ulikuwa kama umenyamaza. Nilimtazama Huseni nikamwambia kwa macho yangu, kwa kila nilichokuwa nacho: sema.

"Mteja, baba," akasema. "Alikuja kununua betri."

"Haya, sasa mbona unamweka huku nyuma kwenye makelele? Mhudumie mtoto wa watu. Betri gani, mwanangu?"

"Ndogo," nikasema. "Nne."

Huseni alipita mbele yangu kwenda kaunta. Alizishusha rafuni, akazifunga kwenye gazeti kwa haraka hata likachanika. Nikaweka hela juu ya kaunta. Aliponipa kifurushi kile hakuniangalia. Mimi nilimwangalia. Nilimwangalia kwa ajili ya siku zote zitakazokuja.

"Ahsante," nikasema.

"Karibu tena," akajibu, kama anavyowaambia watu wote.

Nilipogeuka niliona ndani kupitia pazia ambalo Mzee Abuu aliliacha wazi. Kwenye kioo watu wetu walikuwa wamesimama mstari wao, wanahema, na mkono mdogo mweupe wa kuchagulia unameta juu ya kichwa cha Nesi. Ilikuwa zamu yangu. Lile likubwa lenye mabawa lilikuwa linangoja, kwa adabu, niamue.

Nikatoka.

*

Sikumbuki njia ya kwenda nyumbani. Nakumbuka upepo, na kwamba niliwasalimia watu wakanijibu.

Mama alikuwa uwanjani anageuza ulezi. Alinitazama kuanzia langoni mpaka nilipofika mbele yake. Siku zile mbili hakuwa amenisemesha.

"Umekirudisha?"

"Nimekirudisha, mama."

"Atamtuma mtu?"

Niliinama, nikaokota punje iliyodondoka chini. Baba alikuwa mlangoni, amesimama nyuma ya kile kiti cha mbao alichokalia askofu siku alipotutembelea. Alikuwa amekitoa nje tangu asubuhi, amekipangusa. Alinitazama uso, akaelewa. Akakishika kiti kwa mikono miwili, akakirudisha ndani taratibu, bila kukigonga popote.

"Na hicho?" mama akauliza. Alikuwa anaangalia gazeti nililolishika.

Nikalifungua. Betri nne nyembamba, mpya, zinang'aa. Humu ndani hakuna kitu kinachokula hivi vidogo.

Nilidhani atanigombeza. Mama alifuta mikono kwenye kanga, akazipokea moja moja. Akapiga magoti kwenye ungo, akasogeza ulezi kwa kiganja kutengeneza nafasi, akazilaza pale, zote nne, upande wenye jua zaidi. Akazifunika na punje kidogo, kama nilivyokuwa nafanya mimi.

"Zitapata joto," akasema, bila kunitazama. "Zitarudisha nguvu, mwanangu."

Sikumwambia kwamba ni mpya. Nilikaa chini karibu naye, nikaegemeza kichwa begani mwake, na hapo ndipo nikalia.